Bei ya mafuta ikiporomoka? Wapemba tulishayaona hayo, ila mafuta yetu yalikuwa karafuu



Juzi nilikuwa barazani hapa kwetu Mgogoni, kahawa ishamiminwa, mara mazungumzo yakahamia kwenye mafuta. Sio ya kupikia, haya ya ardhini. Kila mtu na lake. Mmoja anasema yakitoka tu Pemba tutakuwa kama Dubai. Mwengine anasema yeye hatosoma tena, anasubiri ajira ya kampuni. Na mzee mmoja kakaa kimya muda wote, mwisho akasema neno moja tu: "Na karafuu mlisemaje?" Watu wakacheka, hadithi ikaishia hapo. Mimi neno lile lilinikaa kichwani mpaka nikaona bora niliandikie.

Hadithi ya mafuta Pemba sio ya kuzuka. Kule Tundaua mafuta yanajitokeza yenyewe ardhini, na wazungu walishachimba kisima cha utafiti kisiwani kwetu tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwezi wa Oktoba 2018 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ikatia saini mkataba na RAK Gas, kampuni ya Ras Al Khaimah huko Falme za Kiarabu, kutafuta mafuta na gesi katika kitalu cha Pemba na Zanzibar. Mpaka leo hakuna pipa hata moja lililotoka likauzwa. Lakini kichwani mwa vijana wengi pesa ishaanza kutumika!

Kila mtu anauliza yatatoka lini. Mimi nauliza jengine: yakitoka, halafu bei ikaanguka, itakuwaje? Kwa sababu bei ya mafuta inaanguka, tena inaanguka vibaya. Katikati ya 2008 pipa moja lilikwenda mpaka dola 147, kabla mwaka haujaisha likawa chini ya dola 40. Katikati ya 2014 lilikuwa juu ya dola 100, Januari 2016 likawa chini ya 30. Na Aprili 2020, wakati wa korona, kule Marekani kuna siku moja bei ilipita sifuri ikaenda chini yake, yaani mwenye mafuta anamlipa mtu ili ayachukue! Hapo sikutanii.

SISI TUKO UPANDE GANI?

Kwanza tuelewane. Bei ya mafuta ikishuka, leo hii mimi na wewe tunafurahi. Tanzania inanunua mafuta nje, haiuzi. Yakishuka huko duniani, baada ya muda na hapa yanashuka kidogo, ZURA inatangaza bei mpya, mwenye gari ya abiria anapumua, na mvuvi mwenye mashine ya boti anapumua zaidi. Mnunuzi siku zote anapenda bei ndogo.

Lakini siku tukianza kuuza tutahama upande. Habari ile ile inayotufurahisha leo, siku hiyo itatuliza. Na kilio cha muuzaji ni kikubwa kuliko furaha ya mnunuzi, kwa sababu mnunuzi anapunguziwa gharama moja kati ya nyingi, lakini muuzaji wa kitu kimoja anapunguziwa KILA KITU. Hiyo ndiyo maana ya uchumi tegemezi: mguu mmoja tu, ukiteguka huna wa kusimamia.

TUANGALIE JIRANI: SUDAN KUSINI

Tusende mbali, wamo humu humu Afrika Mashariki, waliingia kwenye Jumuiya mwaka 2016. Walipopata uhuru 2011 karibu mapato yote ya serikali yao yalikuwa ya mafuta. Sasa shida yao ni kwamba hawana bahari. Mafuta yanapita kwa bomba mpaka Port Sudan, na kwa makubaliano ya 2012 walikuwa wanailipa Sudan kiasi cha dola 25 hivi kwa kila pipa. Malipo yale hayakuangalia bei ya sokoni, yalikuwa yale yale.

Chukua kalamu tupige hesabu ya mfano. Pipa likiuzwa dola 100, toa 25 za bomba, unabaki na 75. Pipa likiuzwa dola 30, toa 25 zile zile, unabaki na 5. Na hapo gharama za kuchimba hujatoa! Angalia vizuri hapo wadau: bei imeshuka kutoka 100 mpaka 30, yaani imebaki chini ya theluthi. Lakini kilichobaki mkononi kimeshuka kutoka 75 mpaka 5. Hiyo sio theluthi, hayo ni makombo. Mwanzoni mwa 2016 ikabidi Sudan ikubali kupunguza malipo yale maana mwenzake alikuwa hana cha kulipa.

Kilichofuata ni mnyororo. Dola haziingii, serikali haina pesa, wafanyakazi wanakaa miezi bila mshahara. Dola zikawa adimu, Disemba 2015 wakaiachia sarafu yao na siku ile ile ikaanguka, kutoka pauni kama 3 kwa dola mpaka kiasi cha 18. Wanachokula kingi wanaagiza nje, kwa hiyo kila kitu dukani kikapanda, na Oktoba 2016 mfumko wa bei ukapita asilimia 800 kwa mwaka. Vita navyo vilikuwepo, sitaki kusema ni mafuta peke yake. Lakini nchi iliyokuwa na vita na mafuta ya bei mbaya kwa wakati mmoja ilikuwa haina pa kushika.

NA OMAN JE?

Hapa tunakaribia nyumbani, maana wangapi humu hawana ndugu Oman? Mimi ami yangu yuko Muscat miaka mingi. Mwaka 2014 kurudi nyuma pesa zilikuwa zinakuja, sikukuu haipiti bila ya kitu. Ilipofika 2016 simu zikawa zinakuja, pesa haziji. Nyumbani watu wakaanza kunong'ona kwamba ami kaoa mke mwengine huko ndio maana kabadilika. Masikini wa Mungu, hakuoa! Ni pipa lilikuwa limeanguka.

Serikali ya Oman sehemu kubwa kabisa ya mapato yake inatoka kwenye mafuta na gesi. Bei ilipoanguka wakaanza kubana. Januari 2016 wakaondoa ruzuku ya petroli, bei ya kujaza gari ikapanda kwa raia wao wenyewe. Fikiria, nchi inachimba mafuta, bei ya mafuta duniani imeshuka, na ndani petroli inapanda! Miradi ikapunguzwa, kampuni za ujenzi zikakosa kazi, vijana wa Kiomani wakadai ajira, na Januari 2018 serikali ikasimamisha viza mpya za wageni katika kazi 87. Aprili 2021 ikaja kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 5, kitu ambacho hawakuwa nacho kabla.

Kwa hiyo mtu wa Mgogoni ambaye hajawahi kuliona pipa la mafuta maisha yake yote, bei ya pipa ilimfikia. Ilipita London, ikapita Muscat, ikapita mfukoni mwa ami, ikaishia kwenye ada ya skuli ya mtoto huku.

SASA TURUDI KWENYE KARAFUU

Ndipo nilipoanza kumuelewa yule mzee wa barazani. Sisi hatuhitaji kwenda Juba wala Muscat kujifunza. Tulikuwa nchi ya mafuta zamani, ila pipa letu lilikuwa gunia.

Karafuu zililetwa Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19, na Sayyid Said akawalazimisha watu wapande. Mwaka 1872 kikaja kimbunga kikubwa kikaangusha mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ikanusurika kwa sehemu kubwa. Toka hapo zaidi ya robo tatu ya karafuu za Zanzibar zikawa zinatoka kwetu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 mashamba yakagawiwa eka tatu tatu, na ununuzi wote ukawa wa serikali kupitia shirika lake la ZSTC.

Miaka ya 1970 bei ilikuwa nzuri mno. Karafuu ndiyo iliyoleta karibu fedha zote za kigeni za Zanzibar. Miaka ile ndiyo ya majumba ya Michenzani, na ndiyo Zanzibar ilipoanzisha televisheni ya rangi, wakati nchi nyingi za Afrika hata ya rangi mbili hazina, na Bara walikuja kuipata televisheni miaka ishirini baadae. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 tani moja ya karafuu ilikuwa inakaribia dola 9,000 kwenye soko la dunia.

Katikati ya miaka ya 1990 tani hiyo hiyo ilikuwa chini ya dola 1,000. Yaani kilo moja kutoka dola 9 mpaka haifiki hata dola moja. Mafuta yaliyotikisa dunia mwaka 2014 yalipoteza theluthi mbili na kitu. Karafuu zetu zilipoteza karibu tisa ya kumi. Na zenyewe hazikurudi baada ya mwaka mmoja au miwili kama mafuta yanavyofanya mara nyingine.

Kwa nini? Watu wengi wanadhani karafuu dunia inazitia kwenye pilau. Hapana. Mnunuzi mkubwa alikuwa Indonesia, na wao wanazisaga wakazichanganya na tumbaku kutengeneza sigara zao za karafuu. Sasa Indonesia wakakaa wakafikiri: kwa nini tununue kwa watu wakati ardhi yenyewe tunayo? Wakapanda mikarafuu kwa mamilioni. Mkarafuu unachukua miaka sita mpaka minane kuanza kuzaa vizuri. Kwa hiyo wakati sisi tunakula neema ya miaka ya 1970, mikarafuu ya kutuangusha ilikuwa inakua taratibu upande wa pili wa bahari. Ilipoanza kuzaa, mteja wetu mkubwa akageuka mshindani wetu mkubwa.

Hilo ndilo somo la kwanza: BEI NZURI INAZAA MPINZANI. Hata kwenye mafuta ni hivyo hivyo. Bei ilipokuwa juu ya dola 100, Wamarekani wakaona inalipa kupasua miamba kutoa mafuta ambayo zamani yalikuwa ghali kuyatoa. Yakajaa sokoni, bei ikaanguka 2014. Neema yenyewe ndiyo inayolea balaa lake.

YALIYOTUFIKA

Serikali ilikuwa inamlipa mkulima sehemu ndogo tu ya bei ya dunia na tofauti inabaki kwake. Wakati wa neema ndiyo iliyojenga majumba. Bei ilipoanguka, serikali ikakosa, na mkulima ambaye tangu mwanzo alikuwa anapata kidogo akapata kidogo zaidi.

Babu yangu ana shamba la eka tatu. Aliniambia kuna misimu waliziacha karafuu zikaozea mtini. Nikamuuliza, babu, pesa mnaiona iko juu ya mti mnaiacha vipi? Akanijibu, "Mjukuu wangu, mchumaji lazima umlipe kwa pishi, awe anachuma ya bei ghali au ya bei rahisi. Mchambuaji umlipe. Jamvi la kuanikia ulinunue. Mvua ikija ukimbie ukaanue. Ukishalipa wote hao, wewe mwenye shamba unabaki na harufu."

Wadau, hiyo si ndiyo hesabu ya bomba la Sudan Kusini? Gharama haishuki, bei inashuka, na anayebaki na harufu ni mwenye mali. Babu yangu hajawahi kusikia habari ya bomba la Port Sudan lakini somo analijua kuliko mimi niliyemaliza kidato cha nne.

Halafu kuna madhara yanayokuja polepole. Karafuu isipolipa watu hawapalilii shamba. Mkarafuu mkongwe ukifa haupandwi mwengine. Wengine walikata wakachoma mkaa, maana mkaa angalau una mnunuzi leo. Zamani mwaka mzuri Zanzibar ilikuwa inatoa zaidi ya tani 10,000. Siku hizi msimu mwingi haufiki hata nusu ya hizo. Na bei ikirudi kesho huwezi kuuambia mti uzae kesho! Unataka miaka sita au minane. Bei inaanguka kwa siku, kuinuka tena ni nusu ya umri wa kijana.

Wenye mashua nao wakatafuta njia yao. Kenya iko hapo mbele tu, na bei ya Mombasa ilikuwa nzuri kuliko ya hapa, basi magunia yakawa yanavuka usiku. Serikali ikaita magendo, na ni magendo kweli. Lakini ukimlipa mtu kidogo kuliko jirani anavyomlipa, doria peke yake haitoshi. Na wengine hawakuvusha karafuu, walijivusha wenyewe: Unguja, Dar, Mombasa, Muscat. Ami yangu ni mmoja wao. Kumbe aliikimbia bei ya karafuu akaenda kukutana na bei ya mafuta.

KUNA KILICHOFANYIKA

Tuseme na la haki. Mwaka 2011 serikali ilibadilisha mwendo, ikatangaza kwamba mkulima atalipwa asilimia 80 ya bei ya soko la dunia. Msimu ule kilo ya daraja la kwanza ikafika shilingi 15,000, baadae ikatulia kwenye 14,000 kwa miaka kadhaa hata pale soko la dunia liliposhuka. Miche ikagawiwa. Hamu ya magendo ikapungua. Watu wakarudi mashambani, hapa hapa kwetu nimeona mabati mapya yamepanda juu ya nyumba.

Lakini tuelewe inavyofanya kazi. Bei ya dunia ikishuka na mkulima akaendelea kulipwa ile ile, maumivu hayakupotea, yamehamia kwa shirika linalonunua. Ni kama mwavuli, mvua bado inanyesha, ila kuna mtu kaushika. Mwavuli huo unawezekana tu kama mshikaji aliweka akiba siku za jua.

KWA HIYO MAFUTA YAKITOKA?

Mimi sio mchumi, ni kijana wa kawaida, lakini kwa niliyoyasoma na niliyoyasikia kwa wazee naona mambo matatu.

Moja, pesa ya bei nzuri isiliwe yote. Norway wana mafuta, na toka 1996 wanayatia mapato yake kwenye mfuko wa taifa, serikali inachota kidogo kidogo tu. Bei ilipoanguka 2014 walitikisika, kazi za mafuta zikapungua, lakini hakuna mwalimu aliyekosa mshahara. Bara walipitisha sheria ya kusimamia mapato ya mafuta na gesi 2015, na Zanzibar ikatunga sheria yake ya mafuta na gesi 2016. Sheria ni karatasi. Wa kuuliza kiasi gani kimeingia na kiasi gani kimewekwa ni sisi.

Mbili, tusizizike karafuu. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Nchi nyingi mafuta yakitoka kilimo kinakufa, kila kijana anataka kazi ya kampuni. Nigeria walikuwa wauzaji wakubwa wa karanga na mawese kabla ya mafuta kuwameza, na mwaka 2016 bei ilipoanguka uchumi wao ukarudi nyuma kwa mara ya kwanza baada ya zaidi ya miaka 20. Na kisima cha mafuta hakiajiri watu wengi. Shamba moja la karafuu msimu ukiwaka linaajiri mchumaji, mchambuaji, mwanikaji, mbebaji, na mama muuza uji wa asubuhi.

Tatu, tuwe na miguu mingi, na tusidanganyane kwamba mguu wowote unatosha. Mama zetu wanalima mwani toka mwishoni mwa miaka ya 1980, na ni kitu kizuri, pesa inaingia mkononi mwa mwanamke moja kwa moja. Lakini bei ya mwani nayo inapangwa na wanunuzi wa nje, na ule mwani wa bei nzuri unakufa bahari ikipata joto. Watalii nao korona ilipokuja 2020 walitoweka kwa mwezi mmoja. Kila kitu kina siku yake mbaya. Dawa ni vitu vyote visianguke siku moja.

Nimerudi barazani jana nikamkuta yule mzee. Nikamwambia, babu, lile swali lako nimelitafutia jibu. Nikamueleza yote haya, Sudan Kusini, Oman, Norway, kanisikiliza mpaka mwisho, kahawa ikapoa. Halafu akasema: "Sisi tulipokuwa tunauza tisa tulidhani tisa ndiyo bei yake. Kumbe tisa ilikuwa bahati yake." Akanyanyuka akaenda kuswali.

Kwa hiyo wewe unayesubiri ajira ya mafuta, subiri, sikukatazi, Mungu akijaalia itakuja. Lakini huku unasubiri, panda mkarafuu. Kisima kikichelewa miaka minane, utakuwa unachuma.

Nawasilisha wadau. Aliye na ndugu Oman au shamba la eka tatu atuambie kwao ilikuwaje, na nilipokosea nisahihisheni bila matusi.